Moto wa Kuazima

Tuliushuka mto Ohio kwa chelezo cha mwaloni:
watu sita, ng'ombe mmoja, pipa la unga,
na saa ya ukutani ambayo baba alikataa kuiuza
ingawa ilikwisha kufa tangu Pennsylvania.

Tulipofika Muskingum tulikibomoa chelezo, kikawa nyumba.
Ubavu ukawa mlango, sakafu ikawa kitanda,
na usiku, mto ukifura, mama aliapa
kwamba kitanda kinayumba.

Nyumba, nasema. Magogo na udongo,
dirisha la karatasi iliyopakwa mafuta ya dubu;
mwanga ukipita humo, unageuka rangi ya chai.

Mwezi wa pili baba akaenda kuchemsha chumvi,
siku nne kwenda, siku nne kurudi.
Akaaga kwa neno moja: "Moto, Keturah."
Maana jiwe la kuwashia aliondoka nalo.

Siku ya sita mama alishikwa na homa.
Zamu ya moto ilikuwa ya Lemuel.
Lemuel alikuwa na miaka saba.
Alfajiri niliamka nikaiona pumzi yangu.
Nikafukua jivu kwa kidole hadi chini
kama mtu anayetafuta pete.
Jivu tu, baridi, laini kama unga
tuliokwisha kuumaliza.

Jirani yetu, Haskett, alikuwa maili tisa.
Nikabeba chungu cha chuma,
nikamchukua na Lemuel, kwa kuwa kilio chake
kingemuua mama kabla ya baridi.

Theluji ilinifika magotini, yeye kiunoni.
Tuliona nyayo za mbwamwitu zikikata zetu;
tulipogeuka, zilikuwa zinafuata zetu.
Nikagonga chungu kwa fimbo, ko! ko! ko!
nikaimba zaburi kwa sauti ya baba,
sauti ambayo sikuwa nayo.

Ndipo moshi. Haukuwa wa Haskett.
Moshi mtamu, mzito, wa kulambika.
Katikati ya miti ya sukari
mwanamke wa Kilenape alichemsha utomvu,
chombo cha gome chini ya kila shina, tone, tone,
na mgongoni mtoto akitukodolea kama bundi mdogo.

Nilikuwa nimefundishwa cha kuogopa. Nikaogopa.
Nikainua chungu kitupu. Lugha nyingine sikuwa nayo.
Akakitazama chungu, akamtazama Lemuel,
akacheka kidogo,
kicheko cha mtu ambaye kwake pia
kuna mtoto msahaulifu.

Makaa sita. Akayalaza juu ya uyoga mkavu wa mti,
akayafunika jivu,
akanionyesha kwa mdomo: puliza, usipulize sana.
Lemuel akapewa bonge la sukari
kubwa kuliko kinywa chake.

Mama alipona. Baba alirudi na magunia mawili,
ndevu zimeganda,
akaukuta moto unawaka, akaota mikono,
asiulize umetoka wapi.

Theluji ilipoyeyuka aliingia msituni na shoka.
Penye miti ya sukari, alisema, udongo una mafuta.
Miti arobaini na mmoja. Niliihesabu kwa mlio.
Visiki vilitoa machozi wiki nzima,
nyuki wakaja, ng'ombe akaja kulamba.
Ng'ombe wetu aliitwa Dorcas.
Mwanamke yule hatukumwuliza jina.

Mgeni, husemwa, siku ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe tulikuja nalo.

Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, alikuja.
Alisimama pembeni ya mabua ya mahindi,
vyombo vya gome vimepangwa mkononi, kimoja ndani ya kingine.
Nikatoka mbio na chungu kimejaa makaa mekundu,
nikakiinua, kama mara ya kwanza,
mikono ikitetemeka kwa uzito.

Akanitazama mimi, si chungu.
Moto alikuwa nao.
Alichokosa ni miti.